Miaka 36, kazi ya benki na hamu ya kufundisha sekondari: PGDE inataka nini hasa?

SWALI: Nina miaka 36, naishi Mwanza, na nimefanya kazi benki kwa miaka tisa. Shahada yangu ni ya Benki na Fedha. Nataka kuhamia ualimu wa sekondari na naambiwa nisome PGDE, yaani stashahada ya uzamili ya elimu. Je, ni lazima? Naweza kuisoma nikiwa bado kazini? Na kwa umri huu serikali itaniajiri kweli?

JIBU: Ndugu yangu, kwa ufupi: ndiyo, ni lazima. Kazini unaweza kubaki kwa sehemu kubwa ya masomo, isipokuwa wakati wa mazoezi ya kufundisha. Na umri bado unao. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huweka ukomo wa miaka 45, kwa hiyo hata ukimaliza ukiwa na 38 utabaki na miaka saba ya kuomba.

Ila hayo matatu siyo yatakayoamua kama utaajiriwa. Kitakachoamua ni somo la kufundishia, na somo hilo hulipati kwenye PGDE. Limo kwenye transkripti (orodha rasmi ya kozi na alama) ya shahada uliyokwisha kuichukua.

Wengi wanaotoka kwenye fani nyingine hukosea hapa. Stashahada ya uzamili ya elimu haimfundishi mtu uhasibu, fizikia wala jiografia. Inampokea kama mtu anayelijua somo lake tayari, kisha inamwongezea ualimu: saikolojia ya elimu, falsafa na sosholojia ya elimu, mitaala, upimaji na tathmini, uongozi wa shule, unasihi, zana za kufundishia, na mbinu za kufundisha somo husika. Kwenye tangazo la ajira, nafasi ya mwalimu mwenye shahada huandikwa Mwalimu Daraja la III C, na pembeni yake jina la somo. Anayechuja maombi hatatazama miaka yako tisa ya benki. Atafungua transkripti ya shahada atafute somo lililotajwa, kisha afungue ya PGDE kuona kama mbinu za kufundishia ulizosoma ni za somo hilohilo.

Benki na Fedha, kwa jina hilo, si somo la shule. Kwa hiyo kabla hujalipa hata fomu ya maombi, kaa na transkripti yako na kalamu za rangi mbili au tatu. Rangi moja weka kwenye kila kozi ya uhasibu, ya pili kwenye uchumi, ya tatu kwenye hisabati na takwimu. Kozi kama usimamizi wa mikopo, masoko ya mitaji au sheria za kibenki ziache zilivyo, maana hazina kipindi kwenye ratiba ya shule. Kipimo tunachokupa ni hiki: uhasibu ukionekana katika kila mwaka wa masomo, somo unalo. Ukionekana mwaka wa kwanza tu, kama kozi ya utangulizi, huna, hata kama kazini ulikuwa unafunga hesabu za tawi zima. Uchumi upime vivyo hivyo, na huo ndio huwa somo la pili kwa watu wa fani yako. Hisabati usiitaje kwa sababu tu ulifaulu kidato cha sita. Itaje kama imo kwenye shahada.

Bahati yako ni kwamba milango ya biashara imefunguka kuliko zamani. Katika mtaala ulioboreshwa, uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, Elimu ya Biashara imekuwa somo la lazima kwa mkondo wa jumla wa sekondari ya chini. Kabla ya hapo biashara na utunzaji wa vitabu vya hesabu vilikuwa masomo ya hiari, na shule nyingi za kata hazikuwa nayo kabisa kwa kukosa mwalimu. Ngazi ya juu kuna tahasusi za uchumi na uhasibu, ECA (uchumi, biashara na uhasibu) ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi. Mwenye shahada ya rasilimali watu au ya masoko anayetuuliza swali kama lako huwa tunamwambia afikirie mara mbili. Wewe una pa kusimama, transkripti ikikubali.

Peleka transkripti hiyo kwa mratibu wa PGDE katika chuo unachokitaka na umuulize swali moja tu: "Mtanisajili kwa mbinu za kufundishia masomo gani?" Jibu lipate kwa maandishi, hata barua pepe inatosha. Vyuo havikubali masomo kwa kigezo kimoja, na wapo waliofundishwa mbinu za somo moja huku shahada ikiwa na jingine, wakabaki na vyeti viwili visivyooana.

Maombi ya ngazi hii hupelekwa chuoni moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinayo PGDE. Kwako wa Mwanza hiyo ina maana ya kuhama. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinafundisha kwa masafa na kina vituo vya mikoa, na ndicho wanachokitumia watu wengi walio kazini. Kusoma kutwa huchukua mwaka mmoja wa masomo. Kwa masafa unaweza kujivuta zaidi, na hapo pana mtego: wanaobaki na kozi mbili tatu za kiporo huanza kuzihamisha muhula hadi muhula, na ukomo wa miaka 45 unaendelea kusogea. Chuo chochote utakachochagua, hakikisha kwanza programu yenyewe inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Na kama shahada yako uliisomea nje ya nchi, anza na utambuzi wa shahada hiyo TCU. Cheti cha sekondari cha nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Usisubiri hadi wiki ya mwisho ya udahili.

Utasikia pia ushauri kwamba uruke PGDE uende moja kwa moja kwenye uzamili wa elimu, eti ni ngazi ya juu zaidi. Usifanye hivyo kama lengo ni darasa. Shahada za uzamili katika uongozi wa elimu au mipango ya elimu zinaandaa watafiti na watawala, nyingi hazina mazoezi ya kufundisha, na tangazo la kazi kwa mtu ambaye shahada yake ya kwanza si ya ualimu linataja stashahada ya uzamili ya elimu.

Sasa suala la kusoma ukiwa kazini. Mihadhara, kazi za nyumbani na mitihani ya PGDE vinaweza kubebwa na mtu anayetoka ofisini saa kumi na moja, akiwa na nidhamu ya saa mbili kila jioni. Mazoezi ya kufundisha hayabebeki hivyo. Kwa kawaida ni kati ya wiki sita na nane, mara nyingi kuanzia Julai wakati shule zinapofungua muhula wa pili, na unatakiwa kuwa shuleni siku nzima: vipindi, mikutano ya idara, zamu, michezo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka, wikiendi zikihesabiwa humo. Wiki nane ni siku 56, yaani likizo mbili kamili. Inawezekana kuzikutanisha, ya mwaka unaoisha na ya mwaka unaoanza, lakini ni kwa kukubaliana na mwajiri, na si jambo la kuliomba mwezi Juni. Mzungumzie meneja wako mwaka mmoja kabla. Akikataa, omba likizo bila malipo. Wanaojaribu kufundisha asubuhi na kurudi dirishani mchana hukutwa na msimamizi kutoka chuoni siku ambayo hawapo, na msimamizi hana wajibu wa kukutangazia ujio wake.

Shule ya mazoezi ikubaliwe mapema pia. Mkuu wa shule anataka barua ya chuo, na wewe unataka kujua mambo mawili: kama somo lako linafundishwa hapo, na kama kuna mwalimu wa somo hilo atakayekaa nawe. Shule yenye jina kubwa isiyo na mwalimu wa biashara haitakufaa kitu.

Ukishapangiwa, mtaaluma (mwalimu wa taaluma wa shule) atakupa ratiba, na tangu hapo kazi yako inapimwa kwa karatasi kabla ya kupimwa kwa mdomo. Kuna azimio la kazi, linalogawa mada za muhula kwa wiki na vipindi, pamoja na shughuli za mwalimu, za mwanafunzi, zana, rejea na upimaji. Kuna andalio la somo kwa kila kipindi. Kuna nukuu za somo. Kuna kitabu cha kumbukumbu za ufundishaji kinachoonyesha ulichofundisha na tarehe yake. Msimamizi akifika ataomba hivyo kwanza, na azimio lisilolingana na kitabu cha kumbukumbu linamwambia kuwa ulijaza usiku wa kuamkia.

Angalizo kuhusu fomu za andalio. Mtaala mpya unaingia kidato kwa kidato. Mkondo wa jumla ulianza na kidato cha kwanza mwaka 2025. Kwa hiyo katika shule moja vidato vya chini vinafuata mtaala mpya na vya juu vinamalizia ule wa 2005, na muundo wa andalio si mmoja. Ule wa zamani una hatua tano: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, tafakuri, hitimisho. Chukua fomu zote mbili kwa mkuu wa idara siku ya kwanza. Ukinakili moja iliyozagaa kwenye makundi ya WhatsApp utajikuta unajaza ya zamani kwa darasa la mtaala mpya.

Kosa linalojirudia kwenye maandalio ya wageni wa kazi ni lengo lisilopimika. "Mwanafunzi aelewe usuluhisho wa hesabu za benki" haliwezi kupimwa, kwa sababu kuelewa hakuonekani. Andika atakachokifanya mbele yako ndani ya dakika 40: ataorodhesha sababu tatu za tofauti kati ya daftari la fedha na taarifa ya benki, au atakokotoa salio sahihi kutokana na data alizopewa. Kosa la pili ni muda. Mtu wa ofisini hujaza maarifa mapya dakika 35 na kuacha tano za kuuliza kama kuna swali. Hakuna atakayeuliza. Gawa hivi: utangulizi dakika 5, jambo jipya dakika 15, kazi ya mwanafunzi mwenyewe dakika 15, kusahihisha na kufunga dakika 5. Mwanafunzi asiyeshika kalamu kwa dakika kumi mfululizo hajajifunza uhasibu siku hiyo.

Mada hiyo ya usuluhisho inafaa tuitazame kwa karibu, maana ndipo ujuzi wako wa benki utakapokuponza. Benki mmezoea kusema kwamba akaunti ya mteja aliyeweka fedha imekreditiwa. Kwa vitabu vya benki ni sahihi, kwa kuwa amana ni deni ambalo benki inadaiwa na mteja. Lakini mwanafunzi wako anaandika vitabu vya duka, na kwa duka fedha iliyoko benki ni mali, hivyo inakaa upande wa debiti. Ukiingia darasani na lugha ya kaunta, nusu ya darasa itageuza pande zote mbili, na watabaki hivyo hadi mtihani wa taifa.

Gawa ubao mara mbili. Kushoto andika "Daftari la fedha la duka", kulia "Taarifa kutoka benki". Duka limeweka 500,000: kushoto debiti, kulia krediti. Waache waangalie kwanza, usieleze. Duka limemlipa msambazaji kwa hundi ya 120,000: kushoto krediti, salio 380,000. Kulia usiandike kitu, kwa sababu msambazaji hajaipeleka hundi benki. Kisha benki imekata ada ya 5,000: kulia debiti, salio 495,000, na kushoto hakuna kitu kwa sababu mwenye duka hajui. Sasa uliza: nani kakosea? Watagombana, na ndicho unachokitaka. Mwishoni wafanye wenyewe: 380,000 toa ada 5,000 ni 375,000, hilo ndilo salio sahihi la daftari, jumlisha hundi isiyowasilishwa 120,000, unapata 495,000 ya benki. Miamala mitatu tu, na sababu mbili za tofauti. Ukianza na mfano wenye miamala kumi na miwili, kama ile uliyozoea kazini, utawapoteza kwenye mstari wa tatu.

Kuna lugha pia. Sekondari inafundishwa kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe na Historia ya Tanzania na Maadili. Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza wametoka shule za msingi zilizofundisha kwa Kiswahili. Kiingereza chako cha ripoti za mikopo hakitawafaa. Sentensi fupi, istilahi mpya zisizozidi nne kwa kipindi, zote zimeandikwa pembeni mwa ubao na zisifutwe hadi kengele.

Kuhusu nidhamu, jambo moja lazima ulijue kabla ya siku ya kwanza. Kwa Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002, mwenye mamlaka ya adhabu hiyo ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemkabidhi kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa mazoezi hana mamlaka hayo. Akikukabidhi mtu fimbo kwenye korido, irudishe. Darasa hutulia zaidi ukijua majina. Chora ramani ya viti wiki ya kwanza.

Na usahihishaji. Chukua mikondo miwili yenye wanafunzi 70 kila mmoja. Daftari moja kwa dakika mbili ni dakika 280, yaani saa nne na dakika arobaini kwa zoezi moja. Ndiyo maana walimu wazoefu hutoa maswali matatu mazuri badala ya kumi, na huandaa mwongozo wa kusahihishia kabla ya kutoa zoezi. Jaribio la mwisho wa mwezi lianze na jedwali la kutahini, ili maswali yagawanyike kwa uzito wa mada na usijikute umetunga yote kutoka mada unayoipenda.

Upande wa ajira, mfumo ni Ajira Portal, na unafunguliwa akaunti kwa namba ya NIDA. Zinatakiwa nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili au mwanasheria: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita, cheti na transkripti ya shahada, cheti na transkripti ya PGDE, pamoja na barua ya maombi iliyosainiwa. Matokeo ya muda na hati za matokeo hazipokelewi. Hapa pana pengo ambalo wengi hawalipigii hesabu: unamaliza mtihani, matokeo yanasubiri Seneti ya chuo, cheti kinasubiri mahafali, na tangazo la walimu linaweza kutoka katikati ya hapo ukashindwa kuomba. Majina nayo yakague leo. Kama cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na shahada ina matatu, au herufi moja imepishana, tengeneza hati ya kisheria ya majina ukiwa bado na mshahara. Ukiitwa, kuna usaili. Sehemu ya kuandika na mahojiano hufuata tangazo lilivyoeleza, na maswali hugusa ualimu na somo. Ukiajiriwa unaanzia ngazi ya mshahara ya TGTS D1, ukiwa kwenye majaribio kwa miezi 12. Miaka yako tisa haitakuinua ngazi. Utaanza sawa na kijana wa miaka 24. Lipime hilo kabla, si baada.

Shule binafsi haziangalii ukomo wa umri, huajiri zenyewe, na nyingi zitakuomba ufundishe kipindi cha majaribio mbele ya mkuu wa idara. Kwa somo la uhasibu wa kidato cha tano na sita, mtu aliyefanya kazi benki wanampenda. Pia utaendelea kuchangia mfuko wa pensheni wa NSSF kama sasa, ilhali serikalini utahamia ule wa watumishi wa umma, PSSSF. Kabla ya kuacha benki nenda NSSF uulize michango yako itahesabiwaje, na usikimbilie kuichukua. Pensheni inadai michango ya miezi 180, na kwa mwenye miaka 36 kuanza upya si jambo dogo.

Mpangilio wetu kwako, basi: transkripti wiki hii, mratibu wa PGDE wiki ijayo, majina ya vyeti mwezi huu, meneja kabla ya udahili. Weka akiba ya matumizi ya miezi sita itakayokutosha kati ya mtihani wa mwisho na cheti kutoka, hata kama unasoma kwa masafa. Ukichagua kusoma kutwa, iwe miezi 18. Ukisoma kwa masafa, notisi ya siku 28 ya kuacha kazi iandike ukishakuwa na barua ya ajira mkononi, iwe ya halmashauri au ya shule binafsi.